Mistari mitatu mitupu kwenye kitabu cha ndege yangu

Anayenunua ndege ya kiwandani hukabidhiwa kitabu kilichokwisha kuandikwa. Yangu niliijenga kwa mikono kwa miaka saba, kwa hiyo hata kitabu chake nilikiandika mwenyewe. Ukurasa wa uzito ulijaa siku tuliyoipandisha ndege kwenye mizani. Ukurasa wa injini ulijaa kwa kunakili aliyoyaandika mtengenezaji wa injini. Uliokaa ni ukurasa wa mipaka ya mwendo. Mistari yake mitatu ilibaki mitupu miezi minne, na ndege yenyewe imekwisha kupakwa rangi, inangoja.

Mstari wa kwanza ni mwendo wa juu kabisa wa kuruka flapu zikiwa chini. Wa pili ni mwendo wa juu wa kushusha au kukunja magurudumu. Wa tatu ni mwendo wa juu wa kuruka magurudumu yakiwa yameshashuka na kujifunga. Marubani huita mipaka hiyo VFE, VLO na VLE. Msanifu aliyechora ndege yangu alikuwa ametoa namba zake: 100, 120 na 140, zote kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa.

Kunakili namba tatu ni kazi ya dakika moja, na wajenzi wengi hunakili wakaendelea na mambo mengine. Mimi mkono ulisita. Namba zile yeye alizipima kwenye ndege yake, kwa flapu alizozifunga mwenyewe, kwa bomba alilolichomelea mwenyewe, na kwa saa ya mwendo iliyounganishwa na mirija aliyoipitisha mwenyewe. Ya kwangu imefuata mchoro uleule, lakini matundu yake niliyatoboa mimi.

Nianze na hewa, kwa sababu bila hiyo namba hizi huonekana kama amri tu. Flapu ni vile vibao vya nyuma ya bawa, karibu na mwili wa ndege, vinavyoshuka wakati wa kutua ili bawa libebe vizuri kwa mwendo mdogo. Vikishuka, vinaukingia upepo kifua. Na upepo huo husukuma kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kwa noti 80, hewa ya usawa wa bahari husukuma kila mita moja ya mraba kwa nguvu ya kilo 106 hivi. Kwa noti 100 ni kilo 165. Kwa noti 120 ni kilo 238. Mwendo umeongezeka kwa nusu tu, msukumo umepita maradufu. Ukishusha flapu ukiwa noti kumi juu ya mpaka wa 90, umezitwisha karibu robo zaidi ya mzigo zilioandaliwa.

Watu husema, "Lakini kuna akiba." Ni kweli, ipo. Desturi ya usanifu wa ndege ni kwamba kipande kistahimili mara moja na nusu ya mzigo wa juu unaotarajiwa kabla hakijavunjika. Akiba ya asilimia 50 inasikika kubwa mpaka uibadilishe iwe mwendo. Kipeo cha pili kikishafanya kazi yake, asilimia 50 za nguvu ni asilimia 22 za mwendo. Flapu ya noti 100 inafika ukingoni kwenye noti 122, na hapo nimechukulia kwamba kila ribiti iko sawa na mchoro, hakuna tundu lililopanuka, na hakuna faibaglasi iliyokauka kabla gundi haijaingia. Zaidi ya hayo, akiba ile imewekwa kwa ajili ya makosa ya mjenzi na kuchakaa kwa vyuma. Rubani akiila yeye, mjenzi amebaki bila kitu, na katika ndege ya kujijengea hao wawili ni mtu mmoja.

Namba zenyewe hutoka wapi? Kanuni za muda mrefu za ndege ndogo zinazothibitishwa zilitaka flapu zihesabiwe kwa mwendo usiopungua mara 1.4 ya mwendo ambao bawa huacha kubeba flapu zikiwa juu, au mara 1.8 ya mwendo huo flapu zikiwa chini, lolote litakalokuwa kubwa. Ndege yangu huacha kubeba kwa noti 60 ikiwa safi, yaani flapu na magurudumu yakiwa juu, na kwa noti 52 flapu zikiwa chini zote. Piga hesabu: 84 na 94. Kwa hiyo 94 ndiyo sakafu, na 100 ya msanifu imekaa juu yake kidogo. Kwa magurudumu, kanuni zilitaka mitambo ya kukunja istahimili upepo mpaka mara 1.6 ya mwendo wa bawa kuacha kubeba bila flapu. Kwangu hiyo ni noti 96. Ndege ya kujijengea haifungwi na kanuni hizo, ila wasanifu makini huzifuata, nami nimezichukua kama kipimo cha kujua kama namba niliyopewa ina busara.

Kuna kifungu kingine kwenye kanuni hizohizo ambacho kilinishtua nilipokisoma mara ya kwanza. Ndege ya kawaida ikiwa safi huhesabiwa istahimili mara 3.8 ya uzito wake. Flapu zikishashuka, hesabu hushuka hadi mara 2. Na kona ya usawa iliyolala nyuzi 60 huleta mara 2 kamili. Unaweza kuwa ndani ya mwendo unaoruhusiwa, sindano iko kwenye tao jeupe, ile alama ya saa ya mwendo inayoonyesha mwendo wa kurukia flapu zikiwa chini, ukavuta kona kali kuutafuta uwanja uliokupita, ukawa umefika mwisho wa nguvu za bawa lako. Tao jeupe halina la kusema kuhusu hilo.

Ndege za kiwandani hutoa picha nzuri ya mambo yanavyogawanyika. Cessna 172S inaruhusu nyuzi 10 za kwanza za flapu mpaka noti 110, lakini kuanzia hapo kwenda chini mwisho ni 85. Piper Arrow III inakuruhusu kushusha magurudumu kwa noti 129, ila kuyakunja ni noti 107. Mtambo uleule, magurudumu yaleyale, namba mbili. Kuyapandisha kunataka pampu ipambane na uzito wa magurudumu, uzito ambao wakati wa kuyashusha husaidia. Kwenye michoro ya ndege yangu palikuwa na namba moja tu ya yote mawili.

Basi tukapima.

Nasema tukapima kwa sababu nilikuwa na mzee mmoja aliyekwisha kujenga ndege tatu, na huyo ndiye aliyenifundisha kutobeba neno la karatasi bila kulishika kwa mkono. Tuliligeuza bawa la kushoto tumbo juu kwenye farasi za mbao, tukashusha flapu hadi mwisho, tukaanza kuipakia mifuko ya mchanga ya kilo tano tano. Bawa hugeuzwa kwa sababu upepo husukuma flapu kutoka chini, na mchanga haujui kusukuma kwenda juu. Flapu iliyoshuka nyuzi 40 ni mteremko, mifuko inateleza, kwa hiyo tulitengeneza vipande vya mbao vya pembetatu na wavu wa kuishikilia. Mifuko mingi ilikaa karibu na bawaba na michache kwenye ukingo wa nyuma, maana ndivyo hewa inavyogawa mzigo wake. Msanifu alikuwa ameandika kilo 120 kwa kila flapu kwa noti 100.

Hadi kilo 80, kimya. Kwenye 90 palilia mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti kikavu ndani ya mfuko. Mzee akainua mkono, tukaacha kupakia. Alilala chini akamulika tochi kwenye mkono wa bomba la kuzungushia flapu, pale unapokutana na fimbo ya mota.

"Kijana, tundu hili limepanuka leo au ulilipanua wewe?"

"Nadhani ni keekee yangu, Mzee."

"Acha kudhani. Toa boliti tuone."

Nikaitoa. Ilikuwa boliti ya AN3, kipenyo milimita 4.76, na ilitoka bila kusukumwa. Tundu lilikuwa duara upande mmoja tu. Upande wa pili chuma kilikuwa kimelika, kikaacha alama inayong'aa yenye umbo la mwezi mwandamo, chuma kipya kabisa katikati ya rangi ya kijani ya kuzuia kutu. Sehemu ya mwezi ule ilikuwa kazi ya siku ile. Sehemu nyingine ilikuwa ya miaka mitatu nyuma, nilipotoboa kwa keekee ya mkono kipande ambacho kilitakiwa kutobolewa kwenye mashine ya kusimama. Flapu ilikuwa imeanza kucheza milimita chache, na kila mchezo unachimba tundu zaidi. Angani upepo ungelichimba kwa mtikisiko wa mara nyingi kwa sekunde.

Tulipima kama ukingo wa chuma unatosha, tukalinyoosha tundu kwa uangalifu likachukua boliti ya AN4, milimita 6.35, upande wa kushoto na wa kulia. Tukapakia tena hadi 120. Tukaiacha hivyo dakika kadhaa, tukashusha mifuko, tukapima ukingo wa nyuma kwa rula. Ulikuwa umerudi palepale. Hatukwenda hadi mara moja na nusu, kwa sababu flapu ile ingeruka, na kipande kitakachoruka hakipelekwi makusudi mpaka pale kinapoweza kujikunja kisirudi.

Nikadhani mstari wa kwanza sasa una namba yake. Bado.

Kati ya mchanga na rubani kuna saa ya mwendo, na saa ya mwendo haipimi mwendo. Inalinganisha hewa mbili: inayoingia kwa mbele kwenye mrija wa pito, na hewa tulivu inayochukuliwa kwenye tundu dogo ubavuni mwa ndege. Kuna uzuri ndani yake, kwamba saa inapima msukumo uleule unaovunja flapu, ndiyo maana mpaka wa flapu unasomwa moja kwa moja kwenye sindano, uwe juu ya bahari au juu ya milima. (Mtetemo wa mabawa na mkia ni habari nyingine, huo hufuata mwendo halisi angani, na baadhi ya wasanifu huandika mstari wao mwekundu, yaani mwendo usiovukwa kamwe, kwa mwendo huo halisi.) Lakini tundu la ubavuni likisoma hewa yenye msukumo mkubwa kuliko hewa tulivu ya nje, sindano itasema mwendo ni mdogo kuliko ulivyo.

Mchoro wangu ulitaka tundu lile liwe na kichwa cha ribiti kilichojitokeza kidogo nje ya bati. Mimi, kwa kupenda uso laini, nilikilaza kichwa kile sawasawa na bati na kukisugua mpaka ukipapasa huoni kitu. Kilipendeza. Kile kiuvimbe kilikuwa na kazi: kinaiharakisha hewa inayopita juu yake, na hewa ikikimbia msukumo wake hupungua, mpaka usomaji ukawa sahihi. Nilikuwa nimesugua usahihi wa saa yangu.

Nililigundua kwa kuruka. Katika ruka za mwanzo, flapu zikiwa juu na magurudumu chini, nilishikilia sindano kwenye 100 nikiwa mwinuko mmoja, nikaenda pande nne za dira, na kila upande nikaandika mwendo wa ardhini wa GPS. Upepo unaokusukuma ukienda ndio unaokukwamisha ukirudi, wastani wa pande nne unaukaribia ukweli, na ukisahihisha kwa joto na mwinuko unapata mwendo ambao saa ilipaswa kuonyesha. Nilipata 106. Noti sita si kitu, mtu atasema. Kwa kipeo cha pili ni asilimia 12 za mzigo. Ile flapu tuliyoipakia kilo 120 ingebeba karibu 135, mahali ambapo mchanga wetu haukufika, na mimi nimekaa mbele nikiitazama sindano iliyotulia kwenye 100 kwa amani kabisa.

Nikarudisha kichwa cha ribiti kama mchoro ulivyotaka. Ruka iliyofuata, tofauti ilikuwa noti moja. Hilo peke yake lingetosha kunifanya niamini kwamba kila mjenzi anapaswa kusahihisha saa yake kabla ya kugusa swichi ya flapu karibu na mpaka, na ninaliamini kwa nguvu zangu zote. Ruka za kwanza kabisa nilikuwa nimetua bila flapu kwa sababu hiyohiyo. Uwanja ulikuwa mrefu wa kutosha, na sikuona haja ya kujaribu vitu viwili kwa siku moja.

Magurudumu yalikuwa somo jingine, refu kuliko nilivyotarajia.

Ndege ikiwa juu ya jeki bandani, magurudumu hushuka na kupanda vizuri ajabu. Nilifanya hivyo mara hamsini na kila mara taa tatu za kijani ziliwaka, moja kwa kila gurudumu lililojifunga. Ila bandani hakuna upepo, na gurudumu langu la mbele hukunjwa kuelekea nyuma, maana yake likishuka linakwenda mbele, dhidi ya upepo. Pampu ya haidroliki inaweza kulisukuma. Swali langu lilikuwa la siku ambayo pampu itakufa. Siku hiyo rubani hufungua vali, mafuta ya haidroliki yanarudi kwenye tangi lake, na magurudumu yanaanguka kwa uzito wake. Makuu mawili hukunjwa kwa pembeni, hayana ugomvi na upepo. La mbele halina uzito wa kutosha, lina kijiti cha gesi cha kulisaidia.

Tulikadiria eneo la mguu na tairi linalokinga upepo, tukapata kwamba kwa noti 120 upepo ungelisukuma nyuma kwa kilo 14 hivi. Tukafunga kamba katikati ya mguu, tukaipitisha kwenye kapi nyuma yake, tukaning'iniza ndoo yenye kilo 14 za mchanga, tukafungua vali. Gurudumu likashuka, likaja, likaja, likasimama. Lilikuwa limebaki upana wa vidole viwili kabla ya kiungo kuvuka kitovu chake na kujifunga. Ukiwa kitini usingejua, ungeona taa mbili za kijani na ya tatu haiwaki, ukafikiri ni balbu.

Tukapunguza mchanga kidogo kidogo. Kwa kilo 8 lilijifunga, likajifunga tena, mara kumi mfululizo. Kilo 8 badala ya 14: turudi kwenye kipeo cha pili, hiyo ni noti 90. Kumbe ndege yangu ilikuwa na mpaka ambao haukuandikwa popote kwenye michoro. Kwa pampu, 120. Kwa mkono wa rubani aliyebanwa, 90. Na rubani aliyebanwa ndiye hasa asiyekumbuka kupunguza mwendo, maana kila kitu ndani yake kinamwambia afike haraka.

Baada ya hapo tukaenda kuyajaribu angani. Tulipanda mita 1,800, rubani rafiki akiruka kando yangu kwa umbali wa usalama akiangalia tumbo la ndege. Nilianza noti 80, nikashusha na kukunja, nikaongeza tano, nikarudia. Baada ya kila ruka nilitua, nikafungua vifuniko, nikatafuta ufa kwenye rangi ya bawaba, boliti iliyosogea, fimbo iliyopinda. Kazi hiyo inachosha na haina shangwe yoyote. Nchini Marekani, ambako ndege za namna hii ni nyingi, saa za majaribio ya mwanzo zimezoeleka kuwa 25 au 40 kutegemea injini na propela, na maneno ya kawaida ya kuyafunga kwenye daftari huandika mwendo wa bawa kuacha kubeba, wa kupanda kwa pembe kali na wa kupanda upesi, pamoja na uzito na mizani. Flapu na magurudumu hayana nafasi yake pale. Asipoyatafuta mjenzi, hakuna atakayemuuliza.

Kwenye noti 110 nikapata nilichokuwa nimekisahau kukitafuta. Nilikuwa nimeshusha magurudumu nikitoka kwenye kona, mguu wangu wa kulia umekanyaga zaidi ya ilivyohitajika, na ule mpira mdogo wa saa ya kona umekaa nje ya mistari yake, ishara kwamba ndege inakwenda kiubavu. Palilia kishindo kimoja kifupi chini ya kiti. Taa tatu zote kijani. Rafiki yangu akasema kwa redio, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mlango wako wa kushoto haujakaa kama wa kulia." Nikakaa na mwendo uleule nikiupunguza polepole, sikugusa swichi tena, nikatua.

Fimbo ya mlango, nyembamba kama kalamu, ilikuwa imepinda milimita nne katikati. Milango ya magurudumu ikiwa wazi husimama kama majembe mawili yanayoukata upepo kwa makali yake. Ndege ikienda sawa, upepo unapita kando ya majembe. Ndege ikienda kiubavu, nyuzi chache tu, jembe limekuwa tanga. Bati la theluthi moja ya mita ya mraba linalopokea hata sehemu ndogo ya kilo 200 ambazo upepo wa noti 110 husukuma kila mita ya mraba linatosha kupinda fimbo iliyohesabiwa kwa upepo wa mbele. Sikuwa nimevuka namba ya msanifu. Nilikuwa chini yake kwa noti kumi.

Tangu siku hiyo sishushi kitu chochote bila kutazama mpira kwanza. Fimbo mpya nilizitengeneza za bomba nene kidogo, milango yote miwili, na huku nimezipunguzia namba badala ya kuziongezea.

Jambo la flapu moja kushuka na nyingine kubaki nitalisema kwa ufupi kwa sababu sijawahi kulipata, lakini huliwaza kila mara. Flapu zangu mbili zimeunganishwa kwa bomba moja. Kikivunjika kiungo cha upande mmoja, upepo utairudisha flapu ile juu, nyingine itabaki chini, na ndege itajaribu kujiviringisha. Dawa ni kurudisha swichi pale ilipokuwa, papo hapo, kabla ya kuanza kufikiri sababu. Kwa hiyo kidole changu hakiondoki kwenye swichi mpaka flapu zisimame, na sizishushi ndani ya kona ya mwisho karibu na ardhi.

Kinachosababisha watu kuvuka mipaka hii mara nyingi si ujeuri. Ndege hizi ni nyororo. Yangu husafiri noti 170, na ukiielekeza chini haikubali kupunguza, inaongeza. Unafika karibu na uwanja ukiwa na noti 140, umechelewa kupunguza nguvu za injini, na macho yanaanza kuyatamani magurudumu kama breki. Nimejikuta hapo zaidi ya mara moja. Siku hizi naanza kupunguza maili kumi na mbili kabla, najiweka usawa bila kushuka mpaka sindano ifike 100, ndipo nashusha. Ikigoma, nazunguka nje ya njia ya wengine hadi ikubali. Ubaguzi ninaoukubali ni mmoja: ndege ikiwa imeponyoka kwenye mzunguko wa kushuka na mwendo unaukimbilia mstari mwekundu, shusha magurudumu kwa mwendo wowote. Milango ikiondoka, iondoke. Bawa ndilo linalokurudisha.

Mwezi wa nne wa kungoja nilichukua kalamu ya wino usiofutika. Flapu: nyuzi 20 za kwanza noti 100, zote noti 90, na juu ya kioo cha saa mwisho wa tao jeupe nikaupaka kwenye 90. Magurudumu: kushusha 105, kukunja 95. Kuruka yakiwa chini: 130. Mzee alisoma akiwa amesimama mlangoni mwa banda, akaniuliza ile ya ndoo iko wapi.

Nikachukua rula, nikachora mstari wa nne chini ya ile mitatu: kushusha magurudumu kwa vali ya dharura, noti 85, mpira katikati.